Springi Nane na Mizani ya Mtoto

4 Machi

Kaka yangu,

Sasa hivi mpwa wako Kamanda amemvua mwanasesere wake nguo zote, akamtumbukiza kwenye ndoo ya oili chafu iliyo mlangoni mwa gereji, akamtoa, akamnusa, kisha akaniletea nimnyonyeshe. Nimemwosha mwanasesere, nimemwosha na mwenye mwanasesere, sakafu imenishinda. Ukiona doa kwenye karatasi hii usiulize.

Huku tu wazima. Kikohozi cha Kamanda kimekwisha, sauti ya kuamrisha imebaki palepale. Natumaini wifi anakanyaga vizuri mguu wake sasa, na mapacha wameacha kung'atana. Wasalimie mmoja mmoja, usiwajumlishe kama kawaida yako.

Nimeamua kuandika kwa sababu barua huwezi kuikata katikati. Jumamosi nilikupigia simu, nikaanza tu kusema, nikasikia "siyo sasa," halafu kimya. Nikapiga tena, umezima. Kaka, mimi ni wa kuzimiwa simu? Nimelala kitanda kimoja na wewe mpaka ukaota ndevu, leo nakuwa kama mtu anayeuza vocha?

Nilichotaka kukuambia ni hiki. Injini ya gari la mashindano imekufa. Ile kemshafti uliyoichonga kwa mkono wako, ukaifunga kwa gazeti na kitambaa kama mtoto mchanga, imekwisha. Ilikimbia mara mbili vizuri, watu wakaja kutupa mkono. Mara ya tatu ikaanza kugonga, kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko, nguvu zikaisha, gari likarudi likivutwa kwa kamba. Shemeji yako alipofungua, tapeti zote nane zilikuwa zimeliwa. Nyuso zake zilizokuwa kama kioo sasa zina vishimo vishimo. Kwenye oili kulikuwa na chembe za chuma zinazong'aa kama rangi ya kucha.

Siku ya tatu akaanza kusema, na hakusemea ndani. Anamwambia fundi bodi, anawaambia wateja, aliwaambia hata wale wapinzani wake uwanjani, kwamba shemeji yake amemchongea kemshafti ya chuma laini, kwamba ungeweza kuikata kwa kisu cha mkate. Mimi nimesimama pale na sinia ya chai, mtoto mgongoni, nasikia watu wanamcheka ndugu yangu. Nilitamani kumwaga ile chai, sikuchagua tu nimmwagie nani.

Kama ulikosea, sema. Kama hukukosea, sema pia. Usiniachie aibu niibebe mimi kwa sababu tu nipo karibu.

Nijibu kwa huyuhuyu dereva wa lori la vipuri. Nimemwambia asiondoke huko bila jibu.

Mdogo wako

27 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika na doa lake. Sikuuliza.

Mguu wa wifi yako umepona. Mapacha hawang'atani tena, siku hizi wanatupiana viatu. Mwambie Kamanda mjomba amemhifadhia mwanasesere mwingine, huyo wa oili amstaafishe.

Nimechelewa kwa sababu lori liliharibika njiani, na kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilikuwa naandika matusi. Hii ni karatasi ya tatu.

Sijachonga chuma laini. Tangu nishike ile mashine sijachonga chuma laini, na mumeo anajua. Yeye ni hodari wa kukanyaga mafuta, hilo namkubalia, ila kichwa huwa anakivua pamoja na kofia ya mashindano.

Sasa nisikilize, maana umekulia kwenye gereji na utaelewa. Kemshafti ina pua nane, vinundu vilivyotokeza kwenye mhimili wake. Kila pua ikizunguka inasukuma tapeti yake, tapeti inasukuma valvu, mlango wa hewa wa injini, ifunguke, na springi ndiyo inayoirudisha ijifunge. Springi ikilegea, injini ikikimbia sana valvu inachelewa kurudi, gari linakosa nguvu huko juu. Hilo ndilo lililompata mwaka jana akapitwa. Lakini springi ikiwa ngumu kupita kiasi, inaikandamiza tapeti kwenye pua muda wote, oili iliyo katikati inakamuliwa inatoka, chuma kinabaki kinasugua chuma. Hakuna tapeti itakayovumilia hilo, hata ukiichonga kwa almasi. Nilimwambia shemeji kwa mdomo wangu: valvu ikiwa imefungwa, springi isukume kilo hamsini. Zikifika hamsini na tano ndiyo mwisho. Shafti yangu niliichonga kwa hesabu hiyo.

Nina swali moja. Springi zilikuwa kilo ngapi? Wewe ndiye unayempimia, najua. Nijibu namba. Usinijibu hadithi.

Kaka yako

11 Aprili

Kaka,

Kamanda ameanza kuhesabu. Anasema moja, mbili, nane. Hapo kati hapamhusu. Anasikia nane kutwa nzima humu ndani, tapeti nane, valvu nane, springi nane, basi kwake dunia ina vitu vya aina tatu. Jana kamhesabia fundi bodi vidole, akampa jumla ya nane kwa mikono yote miwili, na fundi bodi akajikagua kweli.

Wifi nimefurahi kwa ajili yake. Viatu vya mapacha vifungeni kamba kwa kamba, vitawachelewesha kidogo.

Umeuliza namba. Nilizipima zote mwenyewe, kwa mizani ile ninayompimia Kamanda. Naiweka juu ya meza ya drili ya kusimama, juu yake kibao ili kioo kisipasuke, springi juu ya kibao, halafu nashusha mkono wa drili polepole mpaka springi ifike urefu wa kile kijiti nilichokikata, ambao ndio urefu wake ikiwa kazini. Hapo nasoma. Springi sita zilisoma hamsini. Mbili zilisoma arobaini na tisa. Ndivyo nilivyopima siku zilipofika.

Na sasa nisikilize na wewe. Yule unayemwambia anavua kichwa na kofia ndiye baba wa mtoto wangu. Ndiye aliyekaa benchi la hospitali mpaka asubuhi nilipojifungua, akiwa na ovaroli lenye grisi, wakamfukuza mara mbili na mara mbili akarudi kwa mlango mwingine. Mnapotukana huko na huku mnanirushia mimi katikati kama viatu vya mapacha wako. Yeye akiniudhi namwambia usoni. Wewe ukiniudhi nakuandikia. Lakini kumsema vibaya kwangu hujapewa ruhusa, na yeye kukusema wewe sijampa. Juzi alianza tena mezani nikachukua sahani yangu nikaenda kula na Kamanda barazani.

Basi. Ulichouliza ndicho nimekijibu.

Mdogo wako

8 Mei

Mdogo wangu,

Ulichouliza ndicho nimekijibu. Nimeusoma mstari wako huo mpaka nimeukariri. Wewe tangu utoto ukitumwa chumvi unarudi na habari za mtaa mzima, nani kagombana na nani na kuku wa nani kapotea. Leo nakuuliza kitu kimoja unanijibu kitu kimoja, na barua unaifunga haraka kama mtu anayefunga mlango akiwa na kitu nyuma yake.

Sikutaka kukuambia hili. Siku ile uliponipigia simu, bosi alikuwa amesimama mbele yangu na ile kemshafti mkononi. Mumeo alikwishairudisha, na tapeti zake, na maneno marefu kwamba karakana yetu inauza takataka. Ndiyo maana nilizima.

Bosi ameniondoa kwenye mashine ya kuchonga. Tangu siku hiyo naosha injini za watu kwa mafuta ya taa. Nasimama kwenye beseni, mikono inachubuka, na kijana niliyemfundisha kushika patasi anapita kwenye mashine yangu anapiga mluzi. Mwisho wa Juni bosi ataamua kama nabaki au natoka kabisa.

Utasema kwa nini asiipime tu hiyo shafti. Ameipima. Pua ya kemshafti ni kama nazi, ganda ndilo gumu, ndani ni laini, na ndivyo inavyotakiwa. Ganda likishaliwa, popote utakapopima unapima nyama. Kwa hiyo kipimo kinasema laini, na mumeo anasema laini, na mimi peke yangu nasema hapana. Chuma kibaya hufa pua moja, pengine mbili. Hizi zimekufa zote nane kwa sura ileile, kama zimekandamizwa na mkono mmoja. Bosi ananiambia hiyo ni habari, nimletee ushahidi.

Kwa hiyo sikuulizi tena siku zilipofika zilikuwa kilo ngapi. Nani aligusa zile springi baada ya wewe kupima?

Mwambie Kamanda mjomba hajambo.

Kaka yako

3 Juni

Kaka,

Kamanda amekaa chini ya meza ninayoandikia, amevaa soksi moja. Amemaliza kuniuliza nyingine iko wapi na sikumjibu, basi ameivua na hiyo moja akaitupa dirishani ili ziwe sawa. Mwache. Nitakuambia ile nyingine iko wapi, lakini nianze mwanzo, maana leo nina hasira ya kutosha watu wawili na mmoja wao ni wewe.

Barua yako niliisoma nimesimama getini, dereva wa lori bado anageuza. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kliniki na Kamanda. Muuguzi alimpima, kilo kumi na mbili kamili, akaandika. Nilipofika kwenye ule mstari wa beseni la mafuta ya taa sikuingia ndani kubadilisha hata viatu. Nikaenda moja kwa moja gereji.

Sasa nakujibu swali lako. Aligusa yeye. Siku ya pili baada ya mimi kupima, nilimkuta anapanga washa chini ya kila springi, vile vibati vya duara vyenye tundu, vinene kama sarafu mbili zilizobebana. Washa inainua springi, na kwa kuwa kifuniko chake juu hakisogei, springi inabanwa zaidi. Niliomba moja nikaipima pamoja na springi yake, kijiti kilekile. Ikasoma sitini na nane. Nikamwambia. Akacheka, akasema mizani ya kupimia watoto haijui springi. Nikanyamaza, kaka, na nimekunyamazia na wewe, kwa sababu ni mume wangu na nilidhani mnachogombania ni maneno tu. Maneno ya wanaume huwa nayaacha yapoe yenyewe. Hukuniambia kama kuna mtu anaosha injini kwa ajili yake.

Nilimkuta amelala chini ya gari la mteja, miguu tu inaonekana. Nikamwambia atoke. Akasema ngoja. Nikamwambia atoke, na nadhani sauti ilikuwa ngeni kwake, maana alitoka na spana bado mkononi. Fundi bodi aliweka nyundo chini, akajifanya anatafuta misumari.

Nikaitoa mizani kabatini nikaiweka sakafuni. Akaiangalia, akaniangalia.

"Hiyo mizani ya mtoto itajua nini?"

"Itajua mtoto kwanza," nikamwambia, nikamsimamisha Kamanda juu yake.

Ikasoma kumi na mbili. Nikamwonyesha kadi ya kliniki, wino haujakauka vizuri. Kumi na mbili. Fundi bodi akasema taratibu, kama anayejisemea, kwamba huyu mtoto naye ni shahidi mzito. Hakuna aliyecheka isipokuwa Kamanda, aliyedhani amepewa sifa.

Halafu nikaipandisha mizani kwenye drili. Springi bila washa, hamsini. Springi na washa, sitini na nane. Nikaweka ya pili, sitini na nane. Ya tatu aliweka mwenyewe, akashusha mkono wa drili mwenyewe, akainama kusoma mwenyewe. Zilizobaki hatukupima. Alikaa anaisugua ile washa kwa kidole gumba kama vile ina maandishi.

Nilingoja aseme amekosea. Unajua alisema nini? Akasema, "Kaka yako aliniambia springi zangu zimelegea kama lastiki ya soksi ya mtoto. Simu ilikuwa kwenye spika. Uwanja mzima ulisikia."

Nilikaa juu ya tairi.

Kaka, kumbe barua zote hizo, karatasi tatu za matusi, hesabu za hamsini na hamsini na tano, kichwa na kofia, na hilo hukuliandika hata mara moja. Mtu amepitwa uwanjani, amerudi amevunjika moyo, anakupigia wewe fundi wake na shemeji yake akuulize afanye nini, na wewe unamfanyia mzaha mbele za watu. Ukamwambia kilo hamsini, ndiyo. Lakini ulimwambia baada ya kumwambia lastiki. Ulitegemea asikie lipi? Ningekuwa karibu ningekumwagia ile chai ya siku ile, na ingekuwa ya moto.

Na yeye sikumwacha. Nilimwambia, "Yeye amekutania. Wewe umemtoa kwenye mashine yake." Akauliza mashine gani. Hakuwa anajua, kaka. Alidhani karakana itamtumia shafti nyingine na yataisha. Nikamsomea barua yako, nikaruka pale unapomsema kwa sababu siku hiyo nilitaka asikie kitu kimoja tu. Nilipofika kwenye yule kijana anayepiga mluzi aliniambia basi, inatosha.

Akauliza kama nataka akuangukie miguuni. Nikamwambia miguu yako sina kazi nayo, nataka ampigie bosi wako amwambie namba. Alizunguka gari la mteja mara kadhaa, akafuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ilhali ilishakuwa safi. Kisha akapiga, na nikamwambia aweke kwenye spika, maana ndipo mambo haya yalipoanzia.

Alisema, "Springi zilikuwa sitini na nane. Niliongeza washa mimi, yeye hakujua."

Bosi wako akauliza nani aliyepima. Shemeji yako akamwambia, "Mke wangu." Akauliza kwa kipimo gani. Akamwambia, na sauti ikashuka, mizani ya mtoto. Bosi akaguna. Akasema anataka kuziona hizo washa kwa macho, na moja ya springi, apime kwa mashine yake. Zikimpa hiyo namba, beseni atapewa mtu mwingine. Hakusema nani, lakini nilimfikiria mpiga mluzi na sikujisikia vibaya.

Basi soksi ya pili ya Kamanda ndiyo hiyo iliyofungwa fundo humo kwenye kifurushi. Washa nane ziko ndani, na springi moja. Mpelekee bosi mkononi. Usizioshe, zina alama ya mahali springi ilipokalia, hiyo nayo ni ushahidi. Soksi nirudishiwe.

Sitakudanganya kwamba huku kumekuwa kuzuri. Shemeji yako hajasema samahani, na barua hataki kukuandikia, nimemwekea karatasi mbele akaichorea gari. Kwa fundi bodi na wateja ameshasema, kwa sababu nilimwambia nitasimama palepale na sinia mpaka aseme, na nilisimama. Uwanjani atasema mwisho wa wiki. Nitakuwepo. Ila kabla hajakata ile simu alimwambia bosi wako jambo ambalo sikumtuma. Alisema, taratibu, kama mtu anayeagiza kitu cha aibu, kwamba anahitaji kemshafti nyingine, na kama itachongwa na mkono mwingine asitumiwe. Hilo lichukue ulivyolisikia. Kwake ndiyo barua nzima hiyo.

Na wewe nakudai simu. Mpigie wewe, uweke kwenye spika, useme la lastiki ulikosea. Usitanie katikati. Najua itakuwasha, vumilia mpaka mwisho.

Leo springi mpya zimefika. Namwona kutoka hapa dirishani, ameichukua mizani mwenyewe kabatini, ameipangusa kioo kwa shati lake, na ameweka kijiti changu pembeni yake. Ananiita. Anasema, "Mama Kamanda, njoo unisomee, sifungi hata moja kabla hujasoma." Ngoja aite mara ya pili, leo nastahili kuitwa mara mbili.

Ameita. Kamanda amekwishatangulia pekupeku, anahesabu moja, mbili, nane. Nakwenda, kaka. Wasalimie wifi na mapacha, mmoja mmoja. Na usidhani hasira yangu kwako imekwisha, bado ninayo yote, ila ameita mara ya tatu.